Nusu ya Damu ya Nkandu

Tangu aachishwe ziwa, Kapya alikuwa mtoto wa majipu. La shingoni likipona, linatokea la kwapani. Mama yake Nkandu, muuza kinywaji cha munkoyo mtaani Katuba, alikwisha kumzika mwanawe wa kwanza kwa maradhi hayohayo, na mama mkwe wake, Mama Agnès, alikuwa anaulizia mganga wa kufichua wachawi kule Sakania.

Hospitalini Daktari Mwenze alitoa damu ya mtoto na ya mama. Akaichanganya na vijidudu vya mikrobe na rangi ya manjano, kisha akamkalisha Nkandu mbele ya hadubini.

"Chembe nyeupe ndiyo inameza mikrobe, mama. Ikishameza, habari inapita mule ndani: adui ameingia, mutoe sumu. Sumu ikitoka, ile rangi inageuka buluu."

Nkandu akainama. Chembe za Kapya zilikuwa zimeshiba vidudu, lakini buluu hakuiona.

"Inakula, haiue," akasema.

"Ni vile. Habari inakatika njiani. Fasi gani ya njia, bado hatuyue."

Daktari akabadilisha kioo cha damu. "Hii iko yako."

Chembe moja ya buluu, jirani yake hapana. Nusu hiyo iliyogeuka buluu ilimtosha yeye, daktari alieleza; ila mtoto wa kiume anaweza kurithi upande usiofanya kazi. Si lazima amwambie mtu, akaongeza.

Nkandu alimfikiria mama yake mzazi. Wanawe wa kiume walikufa kwa majipu huko Lukafu, ukoo ukamwita mchawi, akafukuzwa. Sasa anaishi kwa dada yake huko Mokambo.

Njia nzima ya kurudi alitafuta uongo wa kusema. Alipofika, Mama Agnès alikuwa anatwanga majani ya sombe.

"Mama, ugonjwa ya Kapya ilitoka mu damu yangu. Haiko bulozi, hakuna mutu aliloga."

Mchi uliendelea kupanda na kushuka, hadi ukasimama.

"Na weye, uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Basi tutaenda wote. Nione na mimi."

Alikwenda hospitalini, akachungulia hadubini, akarudi. Habari za mganga wa Sakania hakuzigusa tena. Kapya akawa anameza vidonge kila asubuhi. Majipu yakapungua, hayakuisha, naye akaanza shule.

Likizo ilipofika, Nkandu alipanda treni kwenda Mokambo. Mama yake alimsikiliza akieleza habari ya damu hadi mwisho, mikono mapajani. Hakuuliza habari za wale waliomfukuza. Aliuliza tu kama wavulana wake, katika siku zile, walijua kwamba miili yao ilikuwa inajaribu kupigana.