Bega la Dalali

Dalali wa nyumba za jirani na chuo ana mashati sita, na yote yamechakaa bega la kulia. Akiingia na mteja kwenye ile nyumba ya ghorofa ya tatu, hupitiliza hadi jikoni, akaegemeza bega na mikono yote miwili kwenye kabati la ukutani, na hapo habanduki, maana misumari ya kabati hilo ilishastaafu. Vingine vyote huvionyesha kwa kidevu: dirisha, bomba, barabara ya kwenda maofisini. "Watu wa kampuni wanaigombania hii, wahadhiri ndiyo usiseme," husema, kijasho kikimtiririka.

Leo mteja ni mama wa kampuni ya bima, kazi yake kukagua hasara. Alipomaliza kukagua kila mlango, akaja kusimama mbele ya dalali.

"Kaka, hebu sogea kidogo."

"Hapa ndipo penye hewa, dada."

Simu ikaita kwenye mfuko wa shati. Ikaita tena. Dalali akatazama dari. Yule mama akaichomoa mwenyewe, akamwekea sikioni, akangoja dalali amjibu mkewe kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia.

"Nyumba nimeipenda," mama akasema. "Ila mkataba uandikwe kwamba na wewe unabaki hapo hapo."