Msamaha Usiomhusu Kaka

Redio ilipotangaza kwamba Rais amewasamehe baadhi ya wafungwa kwa Sikukuu ya Uhuru, mama alikuwa anapepeta mtama nyumbani kwetu Butiama. Aliweka ungo chini, akaingia ndani kutafuta shati safi la kaka yangu. Kaka alikuwa ametimiza miezi saba gerezani Musoma, kwa kesi ya ng'ombe walioibwa Kiriba; dhamana ilitushinda. Kesho yake tukaenda kumchukua.

Askari wa getini alipitia orodha mara mbili.

"Mama, mwanao hayumo. Rais anamsamehe aliyehukumiwa. Huyu ni mahabusu, kesi yake bado."

"Sasa afande, mwenye kosa atoke, asiye na kosa abaki?"

Askari alikunja orodha yake. Alituruhusu tumwone.

Tukiwa tunasubiri, jamaa mmoja aliyekuja kumwona ndugu yake akatunong'oneza: kaka akiri kosa, afungwe, kisha angojee msamaha mwingine. Mama akambebea kaka maneno hayo. Nami, niseme ukweli, nilitamani akubali. Alikuwa amekonda mno.

Kaka alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, sikuiba. Nisamehewe nini? Rais anaweza kunifungulia mlango, lakini kule nyumbani nitaitwaga mwizi mpaka nife." Akanigeukia. "Mdogo wangu, mtafute yule mwalimu wa Makoko."

Siku ng'ombe walipoibwa, kaka alikuwa Makoko akipiga lipu nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, na alilala hukohuko. Mwalimu huyo aliogopa mahakama. Mara ya kwanza aliniambia anaumwa. Mara ya pili niliambiwa amesafiri, na huku namsikia akikohoa chumbani. Mara ya tatu nilikaa kwenye ngazi zake tangu asubuhi, jua likanipata hapo, mpaka akatoka mwenyewe.

"Wewe binti, huchokagi?"

"Nachoka, mwalimu. Ila siondoki bila jibu."

Aliketi kwenye ngazi kando yangu, akaniuliza kesi inasikilizwa lini.

Alikuja mahakamani. Kizimbani aliomba maji mara mbili, lakini alisema yote, hata wakili wa serikali alipombana. Wiki kadhaa baadaye hakimu alisoma hukumu: kaka hana hatia, aachiwe.

Nje ya mahakama mama hakupiga vigelegele. Alimshika mwalimu mkono, hakuuachia hadi tulipofika barabarani. Kaka alitutangulia kuelekea magari ya Butiama, akitembea haraka, bila kugeuka.