Kura za Mlango Mmoja

Bi Kheiria wa Ansab, mtaa wa Maskati, hajapata kushika raketi maishani mwake, lakini kwa tenisi humdanganyi. Anaujua mpira uliogusa mstari na uliopita nje kabla refa hajafungua kinywa. Ukimkuta alasiri mbele ya televisheni yake, kanga begani na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, ngoja wachezaji wabadilishane upande ndipo umsalimie. Hata wakwe zake wanajua hivyo, na mkwe si mtu wa kungojeshwa.

Elimu hiyo aliisomea nyuma ya waya. Baba yake, enzi zile wako Unguja, alikuwa mtunza viwanja vya tenisi vya Wazungu, kule Mnazi Mmoja. Kazi yake ilikuwa kuburura rola juu ya udongo alfajiri, kisha kupiga mistari kwa chokaa, na mstari wake ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi. Kila mchana Kheiria na dada yake Mahfudha walimpelekea chakula, bakuli limefungwa kwa kitambaa, na wakishampa hawakurudi nyumbani. Walisimama wameshika waya wa uzio, wanahesabu pointi kwa Kiingereza wasichokijua: fiftini, thati, foti. Ndani hawakuruhusiwa kutia mguu. Mahfudha akisema iko siku atacheza humo humo, na Kheiria atamwokotea mipira. Kheiria aliona sawa tu. Alikuwa mdogo kwa miaka mitatu, na mdogo kazi yake nini kama si kuokota?

Dunia ikapinduka, watu wakatawanyika. Mahfudha aliolewa akamfuata mume Uingereza, mji wa Portsmouth. Kheiria akabaki na mama, akaja naye Maskati mwaka wa sabini na nne, wakaanza maisha kwenye vyumba viwili vya kupanga, na mama hakupata tena kuwa mzima. Kheiria alimuuguza miaka kumi na tano. Alimlisha, alimkosha, alimgeuza ubavu, mpaka Mungu akamchukua. Mahfudha hakuja mazikoni wala hakuja arubaini. Alileta kwa posta kadi yenye maua ya waridi, maneno ya rambirambi yamechapwa humo ndani na mtambo, na yeye kwa mkono wake kaandika jina lake basi.

Kheiria aliitia kadi ile kwenye mtoto wa meza ya cherehani yake. Toka siku hiyo dada wawili wakawa wanasalimiana kwa vinywa vya watu. Akija mtu kutoka Portsmouth: "Dada yako anakusalimu." "Na yeye kamsalimu." Miaka thelathini na nne hivyo hivyo.

Sasa juzi, msimu wa tenisi ulipokwisha, Jumatano moja baada ya adhuhuri, mjukuu wake Mazoon, yule anayesomesha Kiingereza skuli, aliingia na simu mkononi ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba chai ya moto. Akamwambia bibi yake yuko mtu Portsmouth anamtaka. Bi Kheiria akavaa miwani. Kwenye kioo cha simu alikuwamo bibi kizee mwenye pua ya mama yao.

Waliulizana hali. Waliulizana magoti, sukari na presha, kwani wazee hawana lao zaidi ya hayo. Kisha Mahfudha akatoa lililomleta. Mjukuu wake Rawya, mtoto wa binti yake, ndiye yule anayeonekana kwenye televisheni akicheza tenisi na bendera ya Uingereza kando ya jina lake. Bi Kheiria alikuwa akimjua zamani. Alikuwa akimtazama kila akicheza, peke yake, mlango umefungwa, na hakumwambia mtu. Mwaka huo msichana alikuwa amewatoa jasho wakubwa, na mtandao mmoja wa wapenzi wa tenisi kule kwao ukamtia katika majina matano, watu wapige kura nani wamempenda zaidi katika wachezaji wa Kiingereza wa msimu ule. Mtu yeyote, popote duniani alipo, ana kura moja. Mwisho Jumapili.

"Siye huku wachache, Kheiria," alisema Mahfudha. "Wenziwe wana vilabu, wana miji mizima nyuma yao. Nyie huko mmejaa. Nifanyie hili, mdogo wangu. Akishinda nnakuja naye Maskati, tukamzuru mama."

Bi Kheiria aliyasikia yote, lakini moyo wake ulikwama kwenye maneno mawili. Mdogo wangu. Tukamzuru mama. Kaburi lile alikuwa akilizuru peke yake kila mwaka, na kila mwaka alimwambia mama Mahfudha anakuja. Alikuwa akimdanganya maiti.

Akasema, "Nimekusikia, dada."

Hakuwa na haja ya kuongeza. Bi Kheiria akilishika jambo, ukoo mzima hauna usingizi wa mchana. Angeweza kuandika kwenye grupu la simu la ukoo, kila mtu akapiga kura yake kwake, Bawshar, Qurayyat, popote alipo, yakaisha. Lakini alikuwa na jeraha lake. Mpwa wa mumewe, Khattab, alipogombea kiti cha Majlisi Shura, baraza la wawakilishi la huko, jamaa wote walimwapia Bi Kheiria kuwa wameshapiga, tena kwa simu, bila hata kutoka nyumbani. Kura zilipotoka, Khattab hakupata hata idadi ya watu wanaokula kwa Bi Kheiria Ijumaa. Toka hapo, ukimwambia "nishapiga," anakutazama tu mpaka unaona haya.

Basi akatangaza kuwa Ijumaa hakuna ruhusa ya kukosa. Wataswali, watakula kwake, na kila mmoja atapiga kura mbele ya macho yake.

Mutasim, mjukuu wake mkubwa, ni mhandisi wa mambo hayo ya mitandao, mtu mzima mwenye mke na watoto. Alikuja Alkhamisi jioni kuleta mchele, akakaa, akazunguka sana kabla ya kusema. Alimweleza kuwa simu zote zikiwa ndani ya nyumba zinatumia waifai moja, na kwa watu wa kule mbali waifai moja ni kama mlango mmoja. Wakiona kura nyingi zimetoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, watazishuku.

"Bora kila mtu apige kwake, bibi," alisema.

"Mlango mmoja ndio ukoo mmoja," alisema Bi Kheiria. "Wao wana aibu ya kuwa wengi? Sisi hatuna."

Mutasim akataka kuendelea. Bibi yake akamuuliza siku ile ya Khattab yeye alipiga kura saa ngapi. Mutasim akainuka kuupeleka mchele jikoni, kwa sababu siku ile alikuwa Dubai na alisahau.

Ijumaa watu walijaa mpaka viatu vikafika getini. Paliliwa wali wa nazi na nguru wa kupaka, na achari ya ndimu ambayo Bi Kheiria haitoi ila kwa harusi na Idi. Ilipokwisha halwa na kahawa, akakaa kwenye kiti chake cha mikono karibu na mlango wa sebule, akaanza kuwaita kwa jina, wakubwa kwanza. Kila mmoja alikuja na simu yake, akainama, akamwonyesha jina la Rawya, akabonyeza, akapisha mwengine. Shemeji yake Sinan, mzee wa miaka themanini, alibonyeza jina la mtu mwengine kwa kutetemeka kidole, na kwa kuwa kura ikishakwenda hairudi, alitaniwa mpaka machozi yakamtoka kwa kucheka. Reem, mke wa Mutasim, alisema hata kitambulisho hajapata kukaguliwa hivi. Bi Kheiria naye alipiga yake, ya mwisho. Hesabu yao ilikuwa kura arubaini na tatu za Rawya, ukimtoa Sinan.

Alikuwa na furaha siku ile ambayo watoto wake hawakupata kumwona nayo. Akaamuru wasimame wote uani, simu juu, wapigwe picha, na picha ikapelekwa Portsmouth. Mahfudha akajibu kwa sauti: "Mashallah, mdogo wangu, umenisitiri." Bi Kheiria aliisikiliza sauti ile mara tano. Jumamosi akamwita fundi wa rangi aje apake chumba cha wageni.

Matokeo yalitoka Jumanne. Rawya alikuwa wa pili. Aliyemshinda alimpita kwa kura thelathini na moja.

Bi Kheiria alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema nasibu, mwaka ujao pia upo, Mazoon alipoona barua imeingia kwenye simu yake. Ilikuwa imeingia kwenye simu zote. Akaisoma moyoni kwanza, na bibi yake akamwona anavyoisoma, akamwambia aseme yaliyomo asipake asali. Mazoon akasema. Wenye mtandao wanasikitika kuwa kura yake imefutwa, pamoja na kura zote zilizotoka pahala pale kwa muda wa saa moja, kwani wana shaka kuwa zote zimepigwa na mtu mmoja.

"Mtu mmoja," alisema Bi Kheiria.

"Ndivyo wanavyosema, bibi."

Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto wa darasa la kwanza: arubaini na tatu toa thelathini na moja. Wangepiga kila mtu kwake, msichana angeshinda, na chumba cha wageni kingepata wageni wake. Mutasim alikuwapo, amesimama dirishani, na hakusema kuwa alisema. Bi Kheiria aliona afadhali angesema, angepata pa kuutolea ukali wake.

Mahfudha alipiga simu usiku haujaingia. Safari hii hakuuliza magoti. Alieleza kuwa huko kwao mashabiki wa yule aliyeshinda wanaandika kuwa jamaa za Rawya wamepika kura, na msichana amejifungia chumbani. Bi Kheiria alisikiliza. Alikuwa tayari kusema nimekosa, neno lilishafika kwenye ulimi. Ndipo dada yake akasema:

"Nilikuomba kura, Kheiria. Nani alikwambia ufanye karamu? Wewe toka zamani lazima watu wakuone."

Neno likarudi lilikotoka, likaja jengine.

"Mama alipokufa niliita watu, wakaja," alisema Bi Kheiria. "Mimi sijui kumfanyia mtu wangu jambo bila ya kuita watu. Nyie wenzetu mnajua kuleta kadi."

Mahfudha akaisogeza simu, pua ile ya mama yao ikajaa kwenye kioo. Kisha akasema, "Basi." Kioo kikawa cheusi.

Mwaka ukaenda. Chumba cha wageni kilinuka rangi mpaka harufu ikaisha yenyewe. Bi Kheiria alimzuru mama yake kama kawaida, lakini safari hii hakumwambia kuwa Mahfudha anakuja. Msichana alizidi kupanda. Msimu ulipokwisha majina matano yakatoka tena, na la Rawya limo. Simu kutoka Portsmouth haikuja. Ijumaa ile watu walikula kwa Bi Kheiria kama Ijumaa zote, na si mmoja aliyethubutu kulitaja jambo hilo, hata Sinan.

Jumamosi Bi Kheiria akamwambia Mutasim ampeleke Qurayyat, mji wa pwani mwendo wa saa nzima, kununua samaki. Mutasim alishangaa, kwani samaki huletwa mlangoni, lakini hakuuliza. Walipofika aliegesha gari karibu na soko, akashuka, akachagua nguru mmoja mwenye macho ya kung'aa. Aliporudi alimkuta bibi yake ndani ya gari amevaa miwani, simu ameishika mbali na uso.

"Hapa mlango wa nani?" alimuuliza.

Mutasim akaelewa. "Hapa si mlango wa mtu, bibi. Hapa inapita kwenye mnara wa simu."

"Nionyeshe pa kubonyeza. Usinibonyezee."

Akamwonyesha. Bi Kheiria akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayegonga muhuri. Akaitia simu kwenye mkoba, akavuta zipu.

"Mtu asijue," alisema. "Hata mkeo."

Njiani kurudi Ansab Bi Kheiria alimlaumu kwa samaki, akasema kamchagua mkubwa mno.

Rawya alishinda, na alishinda kwa mbali, kwa maelfu. Kura moja ya Qurayyat haikumzidishia wala haikumpunguzia. Bi Kheiria aliipata habari kwenye televisheni. Saa mbili baadaye Mahfudha akaandika kwenye grupu la ukoo, wote waone, na Mutasim akamsomea bibi yake mezani: "Alhamdulillahi. Mwaka huu tumeshinda wenyewe, kwa jasho letu. Hatukumsumbua mtu."

Bi Kheiria alikuwa akichambua miba ya samaki. Aliendelea kuchambua. Mutasim alimtazama, naye ndiye pekee duniani aliyejua.

"Nimwambie, bibi?" aliuliza taratibu. "Nimwambie kuwa ulikwenda mpaka Qurayyat?"

"Wacha."

Akaosha mikono, akaipangusa kidole kimoja kimoja kwa kanga.

"Hapo kwenye simu kuna zile picha za hongera, za maua," alisema. "Mtafutie moja. Ya waridi."

Mutasim akatafuta, akaipata, maneno yamekwisha chapwa juu yake kwa herufi za dhahabu. Akauliza aandike nini chini.

"Maneno si yamo?" alisema Bi Kheiria. "Tia jina langu, basi."