Mashine ya Mama Haikulia

Kazini walimwita kaka yangu Wembe, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama. Alikuwa akiandaa mfumo wa kompyuta uitwao Linux, unaopakiwa ndani ya mashine za oksijeni. Kila aina ya mashine ilikuwa na faili lake la maagizo, la kusema ipewe programu zipi. Kando kulikuwa na orodha ya pamoja, ya programu zinazokwenda kwa mashine zote, na hiyo ndiyo Wembe aliyojisifu kuipunguza.

"Mashine isibebe mzigo usio wake," alikuwa akisema, huku vyombo vyake vichafu vikiningoja mimi.

Ilipotoka mashine mpya, aliiondoa programu ya king'ora, kile kinacholia hewa ikikwama, kwenye orodha ya pamoja akaiweka kwenye faili la mashine ya zamani peke yake. Alidhani mpya inalia yenyewe, bila programu hiyo. Hakuuliza, Wembe amuulize nani? Kompyuta ikaujenga mfumo bila kulalamika, maana haidai kitu ambacho haikuagizwa. Kisha akajaribu king'ora kwenye mashine iliyokuwa mezani kwake, ya zamani. Kikalia vizuri sana.

Mashine mpya ya kwanza alimletea mama. Miezi minne nilikuwa sijabanduka kitandani pake, nimekonda kama njiti.

"Na wewe umezidi," Wembe akaniambia. "Hewa ikikwama italia mpaka jirani aje mbio. Nenda kaanike nguo, upate jua kidogo."

Nikaenda. Nilianika shuka mbili na gauni la mama. Niliporudi, mpira wa kumpitishia hewa ulikuwa umejikunja chini ya bega lake, mashine inanguruma taratibu, taa ya kijani inawaka, na mama ameshakata roho.

Baada ya mazishi Wembe aliirudisha programu kwenye orodha ya pamoja. Mstari mmoja tu, chai yake ilikuwa haijapoa. Akaja nyumbani, akapakia mfumo mpya kwenye ile mashine, akaukunja mpira kwa vidole. Ikapiga kelele nyumba nzima, kando ya kitanda kitupu.

"Sasa iko sawa, mdogo wangu," akasema, machozi yakimtoka.

Akanyoosha mkono kuizima. Nilimchukia, nikamshika mkono.

"Iache."

Jirani akatokea mlangoni anahema, kiatu kimoja mguuni.

"Kuna nini huku?"

"Muulize kaka," nikasema.