Vidude vya Bibi na Moshi wa Udi

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, nikichambua mchele barazani kwetu Msambweni. Saa naikumbuka kwa sababu bibi aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu kwa kupiga ukelele, mpaka jirani akaitikia kutoka ng'ambo ya ua: "Saa nne na robo, tumesikia mwanangu! Sote tumesikia!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu. Mimi nina sauti ndogo. Darasani mwalimu huniambia nirudie jibu mpaka natamani nisingelinyoosha mkono. Mambo yangu ya ndani nilikuwa nikimwambia bibi peke yake, lakini masikio yake yalianza kupungua nikiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo, kumwambia bibi siri ni kuwaambia watu wote wa mtaa. Nilipoanguka mtihani wa kemia nilimweleza bibi, na kesho yake muuza maji akanipa pole. Basi nikaacha kusema, nikawa naandika humu daftarini.

Na wiki ile nilikuwa na jambo. Nilikuwa nimechaguliwa kusoma mbele ya shule nzima siku ya Jumatatu, na tangu nichaguliwe sikuwa nalala vizuri.

Bibi alikuwa amepewa vifaa vya kusikia miezi minne nyuma, viwili, vya kuvaa nyuma ya sikio, vyenye rangi kama ya chai ya maziwa. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Alisikia kunguru, akasikia mvua ya mbali, akamsikia mama akinung'unika jikoni na akamjibu. Halafu vikahamia kwenye kibweta, pamoja na pete zake za fedha. Akiulizwa husema, "Vizuri, alhamdulillah." Kwa bibi, kitu ulichopewa bure hakitiwi ila, hasa mbele ya aliyekupa.

Mgeni tuliyekuwa tukimngojea siku hiyo alikuwa mhudumu wa kliniki ya masikio, dada wa bara, mwenye mkoba mkubwa na fomu. Nilipomwashiria kuwa mgeni anabisha hodi, bibi aliingia ndani mbio, akarudi amevaa vidude vyake, mtandio umevutwa vizuri juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu kitako. Mletee mgeni maji, wewe."

Dada akaanza maswali, polepole na kwa sauti kubwa. Je, bibi ameridhika na vifaa?

"Nimeridhika sana. Mungu akupe umri."

Anavivaa muda gani kwa siku?

"Toka alfajiri mpaka nilale."

Nilikuwa nimeshika gilasi ya maji, karibu initoke mkononi.

"Vinakusumbua popote? Sokoni, harusini?"

"Hata kidogo."

Dada akatia alama hapa na pale, anatabasamu. Akasema kama mambo yako sawa hivyo, hatarudi tena kwa bibi mpaka mwakani, kwani wako wengi huko Shimoni na Mkwiro wanaolalamika na anatakiwa awafikie kwanza. Bibi akaitikia kwa kichwa. Nilimjua: hakusikia hata nusu ya maneno yale. Mimi niliyasikia yote. Mwaka mzima mwingine wa kupiga kelele.

Sikuthubutu kumsuta bibi mbele ya mgeni. Lakini mgeni husindikizwa. Nikabeba mkoba wa dada, tukatoka, na tulipofika kwenye mnazi wa mwisho kabla ya barabara, niliutua chini nikasema, "Dada, bibi havivai."

"Umesema?"

Hata yeye hakunisikia. Ikabidi nirudie.

Hakukasirika. Aliniuliza tu vinakaa wapi. Nikamwambia kibwetani, ila kila Alhamisi jioni bibi akifukiza nguo za Ijumaa, hupindua tenga juu ya chetezo cha udi, akatandika leso na mtandio, na vidude navyo akavifunga humo humo vipate harufu. Kitu cha kuvaliwa kichwani, kwake, lazima kinukie.

Dada alijishika mdomo. "Anavitia udi?"

"Kila wiki."

Akageuka, akarudi nyumbani mbele yangu. Mlangoni akasema amesahau kalamu. Kalamu ilikuwa imetundikwa kifuani pake, na bibi aliiona.

"Umenichongea," bibi aliniambia.

"Nimekuchongea, bibi," nilisema, na machozi yalikuwa karibu.

Dada alikaa chini kwenye mkeka safari hii, miguu ameikunja. Akaomba vifaa, akavinusa, akaanza kucheka. "Bibi, hivi vinanukia kuliko mimi!" Akamwonyesha vitundu: moshi ulikuwa umeshikamana na nta ya masikio, umeganda kama lami. Sauti ingepita wapi? Halafu akainama sikioni pake, akamwambia neno ambalo ndilo lililomfungua bibi: "Fomu hii si ya kunishukuru. Ukinisifu tu, hakuna nitakachokirekebisha."

Bibi aliitazama ile fomu. Kisha yakatoka yote kwa pamoja. Kwamba hata kabla havijaziba, sufuria zikigongana aliona kama amezabwa kofi. Kwamba majogoo wa jirani walikuwa wakiwika ndani ya kichwa chake. Kwamba akivuta mtandio vilipiga mluzi, na siku moja vilipiga mluzi katikati ya hitima, wanawake wakageuka kumtafuta mwenye simu. "Nikasema heri uziwi wangu, haumwaibishi mtu."

Sikuwa najua habari ya hitima. Nilidhani ni ukaidi tu.

Dada alibadilisha vijibomba na vichungi, akashusha sauti kali za vifaa kwa kubofya simu yake, akamfundisha bibi kuupitisha mtandio nyuma ya kifaa badala ya kukibana. Nami nikaenda jikoni kugonganisha sufuria kwa amri yake. "Tena!" Nikagonga tena. Bibi alikunja uso, halafu akaukunjua. "Hiyo nastahamili," alisema.

Dada akachukua fomu mpya. "Sasa niambie ukweli. Umeridhika?"

"Kwa nyumbani, ndiyo. Harusini bado sijui, nitakwambia. Na udi?"

"Udi hapana, bibi."

"Mtandio je?"

"Mtandio tia udi utakavyo."

Safari hii bibi alimsindikiza mgeni mwenyewe. Mimi hakunisemesha mchana kutwa. Chakula alinipakulia, tena kingi, lakini kimya kimya, na nikajua sijasamehewa ila sijatupwa. Mama alipotoka kazini Diani na kuuliza habari za mgeni, bibi alisema, "Muulize mwandishi wa habari huyo."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni anapika vitumbua, vidude masikioni, mtandio umefungwa kwa nyuma kama alivyofundishwa. Nilisimama mlangoni na kusema kwa sauti yangu ile ile ya darasani, "Shikamoo, bibi."

Hakugeuka. Alikuwa anapindua kitumbua kwa kijiti. "Marahaba. Mafuta haya yanasema sana, kumbe."

Nikakaa kwenye mbuzi, nikaanza kukuna nazi ya mchana, nikimwambia habari za Jumatatu.

"Acha kukuna kwanza. Masikio haya hayawezi yote mawili."

Nikaweka nazi chini. Nikamwambia yote, kwamba naogopa, na kwamba nilifikiria kujifanya mgonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema "Eh?" hata mara moja.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" aliuliza. "Nisomee mimi kwanza."

Nikaenda kuichukua, nikamsomea toka juu mpaka chini, kitumbua alichonipa kikipoa mkononi mwangu. Jirani aliita kutoka ng'ambo ya ua: "Leo mbona kimya hapo kwenu? Mu wazima?"

"Wazima," bibi alimjibu, kisha akaniambia, "Rudia pale katikati, ulikimbia."