Jino la Mbwa Aliyeachwa na Mama

Mama alipofariki alituachia mbwa. Alikuwa amemlea tangu akiwa mdogo, na baada ya mazishi mbwa yule alilala mbele ya mlango wa jikoni akimngoja. Alipochoka kungoja akahamia miguuni pa baba. Baba ni mstaafu wa reli, mtu wa Katanga ya kaskazini, mzito wa maneno. Lakini mimi nikiwa kwenye cherehani yangu chumba cha mbele, nilimsikia uani akimweleza mbwa bei ya makaa na kumwuliza kama mvua itanyesha. Kila Jumamosi alimletea mifupa ya ng'ombe kutoka sokoni. Sauti ya ile mifupa ikivunjwa ilinifikia hata mashine ikiwa inakimbia.

Mvua zilipoanza, nyumba ikaingia harufu. Nilisogeza makabati nikitafuta panya aliyekufa, nisimpate. Harufu ilitoka kinywani mwa mbwa.

"Ni imbwa," baba alisema. "Ulipenda inuke sawa maua?"

Nikacheka, nikaacha. Lakini baadaye mbwa akaanza kuacha bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Akawa anajikuna uso kwa mguu, udenda unamtoka, na chini ya jicho pakavimba.

Asubuhi moja baba alikuja kunywa chai na mkono mmoja umo mfukoni mwa koti. Joto lilikuwa kali, si siku ya koti.

"Mukono uko na nini?"

"Nilijichoma na musumari."

Damu ikadondoka kwenye saruji tukiwa tunatazamana. Ndipo akakubali kwamba alijaribu kumfungua mbwa kinywa ili aangalie ndani. "Haikupenda kuniuma," alisema. "Ilisikia maumivu tu."

Nilimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nikakifunga kitambaa.

Mtaani kwetu Kamalondo nyumba zimebanana, hakuna siri inayokaa uani. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyekuwa akisali rozari na marehemu mama, alikuwa amemwona mbwa kupitia lango. Kabla ya adhuhuri alikuja na wanaume wa mtaa, wameshika fimbo. Hawakuja kwa fujo. Walisimama nje kama watu waliokuja kwenye msiba.

"Papa," yule mama alisema, "ile imbwa iko na la rage. Ni kichaa. Muiue leo, isiume batoto."

"Ni jino," baba akajibu. "Ni jino tu."

"Uliliona?"

Mkono wa baba uliofungwa kitambaa ulikuwa nyuma ya mgongo.

Niliwaomba watupe nafasi hadi jioni, nimpeleke mbwa kwa daktari wa wanyama mjini. Wakashauriana, wakakubali shingo upande. Nilikata ukanda wa kitambaa laini kutoka kwenye nguo niliyokuwa nikishona, nikamfunga mbwa kinywa huku baba amemshika kichwa. Mbwa alilia kama mtu. Madereva wa teksi walipotuona walifunga vioo, hivyo tukaenda kwa miguu. Mbele yetu watu walisogea kando, kina mama wakivuta watoto wao. Baba alitembea akitazama mbele, kamba ameizungusha kwenye mkono ule mzima.

Daktari hakumgusa kwa mikono mitupu. Alivaa glavu nene, akamwingiza kwenye kizimba, akamfungua ule ukanda, akamwekea maji. Mbwa alikunywa polepole, kwa upande mmoja wa kinywa. Daktari akachuchumaa akimtazama.

"Kuvimba kule chini ya jicho kunanifanya nifikirie jino kubwa ya juu, ile ya kukatia mifupa," alisema. "Ikipasuka, uchafu unaingia mpaka mu mizizi, usaha unapanda."

Baba akanigeukia kana kwamba ameshinda kesi.

"Ngoja, papa. Siwezi kukuapia. Imbwa imeuma muntu. Itabaki hapa, tutaiangalia siku kumi. Kama ni kichaa, itajionyesha. Lakini weye usingojee imbwa. Nenda ku hopitali leo, upate sindano."

"Nikienda," baba alisema, "ni sawa nimesema iko na kichaa."

Nilimsihi njia nzima. Nyumbani akakaa kwenye kiti cha mama, uso umeelekea ukutani, akakataa hata chai. Nilikuwa nimemzika mzazi mmoja. Nilimtazama yule aliyebaki, na hasira na woga vikanijaa hata nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Asubuhi iliyofuata yule jirani alikuja peke yake. Nilidhani amekuja kuuliza mbwa yuko wapi. Akavuta stuli, akaketi karibu na baba.

"Papa, sikukuambia. Mutoto ya yaya, dada yangu mukubwa, kule Mokambo, aliumwa na kaimbwa kadogo. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Tulikiosha, kikapona, tukasahau." Akautazama mkono wa baba. "Kisha siku moja akaogopa maji, akalia. Maji ya kunywa, papa. Ni mimi nilikuwa nashika kikombe. Tulimuzika."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Imbwa yenu ikipona nitamushukuru Mungu. Lakini weye, simama twende. Mama ya hii nyumba angekuambia vile vile."

Baba alisimama. Alitafuta kofia yake, akaikosa, akatoka kichwa wazi. Tulikwenda watatu, na kwenye kuvuka barabara yule mama alimshika baba kiwiko. Hospitalini baba alichomwa sindano bila kulalamika, na zile zilizofuata alizikumbuka mwenyewe.

Zile siku za kungoja sizipendi hata kuzikumbuka. Kila asubuhi nilimpigia daktari kabla sijanawa uso. Nilishona mikono ya blauzi kinyume, nikafumua, nikakosea tena. Baba alimpelekea mbwa uji kila siku. Daktari alikuwa amempa mbwa dawa, na uvimbe ukaanza kushuka. Siku kumi zilipotimia mbwa alikuwa hai, anatikisa mkia, na daktari akatuita tuje.

Alimlaza kwa dawa ya usingizi, akamfunua mdomo. Jino lilikuwa limepasuka katikati hadi kwenye ufizi. Meno yaliyobaki yalikuwa na ukoko wa kahawia, mgumu kama ule wa ndani ya birika. Alilitoa jino vipande vipande, mzizi ukiwa mweusi, kisha akakwangua yale mengine. Akatuonyesha namna ya kuyasugua kwa kitambaa chenye maji, au kwa dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Ya watu hapana, kwa sababu mbwa hajui kutema. Na mifupa basi.

"Kumbe ni mimi nilimuvunja meno," baba alisema.

Daktari aliendelea kuosha vyombo vyake. "Ulimupa kile anapenda," akajibu baadaye.

Sasa mbwa anakula bukari iliyolainishwa kwa mchuzi. Anamruhusu baba amsugue meno, mimi bado ananinung'unikia. Jirani yetu hajaingia tena ndani ya lango. Akija, baba humtolea kiti barabarani, nao hukaa huko wakiongea, mbwa akiwa amefungwa. Kuna wanaume wa mtaa ambao bado huokota jiwe wakimwona.

Daktari alituambia pia kwamba jino la upande wa pili lina ufa, na huenda nalo litang'olewa. Juzi nilimwona mbwa akitafuna kwa upande mmoja tena. Nilimwambia baba.

"Niliona," akasema, akaendelea kumpapasa shingo.