Jina la Mlalamikaji wa Kiberege

Siku ya kwanza niliporipoti kazini nilitegemea kupewa kofia ngumu na kupelekwa kiwandani. Badala yake mkuu wangu, Mkaguzi Mfawidhi, mama mmoja mkali kama pilipili, alinikalisha kwenye benchi asubuhi nzima akinifundisha kunyamaza. Ukaguzi wa usalama na afya kazini, alisema, unaanzia hapo. Mfanyakazi akija kulalamika, sheria inakukataza kumtaja. Inakukataza hata kudokeza kwamba umekuja kwa sababu ya malalamiko.

"Na ukiulizwa kama ni fulani, usikane," aliniambia. "Ukimkana wa kwanza na wa pili, wa tatu ukanyamaza, umeshamtaja."

Nilicheka moyoni nikidhani ni maneno ya ofisini. Nilipita viwanda vya Morogoro mjini, nikapita mashamba ya miwa, wakuu wangu wakabadilika, na somo lile sikulihitaji mpaka nilipohamishiwa Ifakara.

Bondeni kwetu, msimu wa mavuno mashine za kukoboa mpunga hazipumziki. Mfanyakazi wa mashine moja pale Kiberege alinijia akasema kava la mkanda limetolewa. Kava ni bati linalofunika mkanda unaozungusha mashine, ili nguo au mkono usivutwe. Walilitoa kwa sababu kila mkanda ulipokatika, kulifungua na kulifunga kuliwachelewesha, na wateja wamejipanga na magunia. Yeye aliogopa mwenzake atabaki na mkono mmoja. Aliogopa zaidi kufukuzwa, maana kwao hakuna mwingine aliyekuwa na kazi.

Mkaguzi mgeni wa kazi angekwenda moja kwa moja kwenye mkanda. Mimi sikufanya hivyo. Nilianza na mashine za jirani, na nilipofika pale nilianza na choo, sanduku la huduma ya kwanza, mtungi wa kuzimia moto, vumbi la pumba. Kila mfanyakazi nilimuuliza maswali yale yale. Mkanda niliufikia mwisho, nikaagiza mashine isimame mpaka kava lirudi.

Mwenye mashine, Alhaji mmoja mstaarabu aliyenikaribisha kahawa, alinifuata nje.

"Ni Danieli, siyo? Yule ana mdomo."

Danieli alikuwa fundi wake, na hakuwa yeye. Neno moja tu lingemwokoa, lakini lingemwachia Alhaji majina machache ya kuuliza. Nilimwambia kwamba hata angemtaja nani nisingejibu, na kwamba kumwadhibu mtu kwa kulalamika ni kosa. Aliitikia kwa heshima zote. Huku kwetu mtu mzima akiulizwa akakwepa, watu huhesabu kwamba amekubali.

Kava lilirudi. Danieli hakufukuzwa. Aliondolewa tu kwenye mashine akapelekwa kuanika mpunga juani, mpaka akachoka akaacha mwenyewe. Nilipomwonya Alhaji, alisema anabadilisha watu kama kawaida. Iliniuma sana, na inaniuma hadi leo.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Vijana wa kazi hii huniuliza kama siri za kazini huisha mtu akistaafu. Haziishi. Ndiyo maana hata ninyi sijawaambia kama aliyenijia Kiberege alikuwa mwanamume au mwanamke.

Juzi Danieli, ambaye siku hizi analima kijijini Mkula, alinikuta dukani. Aliniamkia, nikaitikia, huku nikijiandaa kukwepa swali nililolisubiri miaka yote.

"Usihangaike, mzee," akasema. "Aliyekuja kwako namjua. Siku ile ulipokagua nilimwona anavyotetemeka. Alhaji alinibana weee, nikamwambia sijui."

Nilimuuliza kwa nini hakujitetea.

"Wewe ilikuwa kazi yako. Mimi yule alikuwa mwenzangu tu."

Nilitamani kumwambia asante. Lakini hata hiyo ingekuwa jibu, kwa hiyo nikamuuliza habari za mpunga.